Amplifaya ya hedifoni ya kujitengenezea Kampala: mchoro upi, na vifaa vitoke wapi?

*"Naishi Kampala. Nina hedifoni za studio za omu 250 nilizonunua mkononi. Kwenye kompyuta yangu sauti ni ndogo, hata nikifungua mpaka mwisho. Nataka kujitengenezea amplifaya na nimekusanya michoro mitatu: mmoja unatumia LM386, mwingine ni CMoy ya betri moja ya volti 9, wa tatu ni O2. Fundi redio wa mtaani kwetu ananiambia nisihangaike, atanifungia IC ya redio ya gari kwa kuwa ina nguvu zaidi. Tayari nimeagiza IC kumi za OPA2134 mtandaoni kwa bei ya kutupa. Je, vifaa vingine nitavipata hapa au niagize vyote nje? Nyumbani tuna sola ya volti 12, naweza kuitumia? Naogopa kuunguza hedifoni."*

Ndugu msomaji, hofu yako ya kuunguza hedifoni ina msingi, na nitaijibu kwa vipimo. Lakini umeanza na vifaa kabla ya kuamua mchoro, na hapo ndipo pesa za wengi hupotelea. Hedifoni ndizo zinazoamua mchoro, mchoro ukaamua betri, na vifaa vinakuja mwisho. Ukifuata mpangilio huo utakuta kwamba vitu vya kuagiza nje ni vichache sana, na kwa hedifoni zako huenda usiagize chochote.

Tuanze na hilo neno "nguvu". Hedifoni za omu 250 hazidai wati nyingi; zinadai volti. Tazama kwenye boksi au karatasi ya maelezo: za aina hiyo mara nyingi huandikwa desibeli 96 kwa miliwati 1. Miliwati 1 kwenye omu 250 ni nusu volti tu. Ili kilele cha muziki kifike desibeli 110, ambacho ni kikubwa kuliko unavyopaswa kusikiliza kwa muda mrefu, unahitaji miliwati 25, yaani volti 2.5. Mkondo wake ni miliampia 10, na kwenye kilele cha wimbi hufika 14. Kompyuta nyingi hutoa kati ya nusu volti na volti moja. Nyimbo zilizorekodiwa kwa utulivu huwa na wastani ulio chini ya kilele kwa desibeli 15 hadi 20, ndiyo maana unafungua mpaka mwisho na bado unaona pungufu. Kwa hiyo kazi ya amplifaya yako ni kuzidisha volti mara tatu hivi, kwa mkondo mdogo. Ni kazi nyepesi.

Sasa IC ya redio ya gari, yaani kile kipande cheusi chenye miguu kinachokuza sauti. Mshukuru fundi wako, lakini usikubali. IC nyingi za redio za gari huendesha spika kwa nyaya mbili ambazo zote ni hai: kila waya una takriban volti 6 ukilinganisha na bodi ya gari, na spika husikia tofauti ya hizo mbili tu. Hedifoni hazikufungwa hivyo. Jeki yake ina miguu mitatu, na waya mmoja wa kurudishia hutumiwa na kushoto na kulia kwa pamoja. Ukiuunganisha huo kwenye negativu, volti 6 za DC (umeme wa upande mmoja usiopanda na kushuka) zinakaa juu ya koili saa zote, hata muziki ukiwa kimya. Piga hesabu: 6 mara 6, gawa kwa 250, unapata miliwati 144. Hedifoni nyingi za omu 250 zimeandikiwa kikomo cha miliwati 100. Koili itapata joto mpaka gundi iachie, na hakuna moshi wa kukuonya. Hata IC ya spika isiyofungwa hivyo, kama TDA2030, imetengenezwa kukuza mara 16 na zaidi, na ukiishusha chini ya hapo inakosa utulivu. Utasikia "shhh" sikioni wakati wote.

LM386 ina kasoro ya namna hiyo hiyo. Ni IC nzuri ya kuendesha spika ndogo ya redio, ila ukuzaji wake wa chini kabisa ni mara 20, na utahitaji mbili kwa stereo. Mchoro huo uweke pembeni.

CMoy ni mchoro wa Chu Moy uliosambaa mwishoni mwa miaka ya 1990, na O2 ulitolewa mwaka 2011 na mbunifu aliyejiita NwAvGuy. Yote miwili ni mizuri. O2 umefikiriwa kwa kina zaidi: una IC mbili za NJM4556A kwenye njia ya kutokea, zinazoweza kusukuma hata hedifoni za omu 16, na una sehemu inayokata betri zote mbili pamoja moja inapochoka. Kinachowakwamisha wengi hapa kwetu ni chaja yake. O2 inataka adapta inayotoa AC (umeme wa kupishana, kama wa ukutani), kati ya volti 12 na 20, na karibu kila adapta utakayoonyeshwa dukani inatoa DC. Ukiichomeka ya DC, upande mmoja wa umeme utakosekana. Ukiagiza ya Marekani ya volti 120, itaungua siku ya kwanza kwenye volti 240 zetu. Halafu mbunifu alikataza mchoro wake kusambazwa ukiwa umebadilishwa, kwa hiyo bodi unaagiza jinsi ilivyo, na viwanda vya China kama JLCPCB huuza kuanzia bodi tano. Kama mko watano mnaotaka, O2 ina faida. Kwa mtu mmoja mwenye hedifoni za omu 250, inazidi mahitaji.

Kwako napendekeza CMoy, lakini usiifuate neno kwa neno. Kuna mahali pane pa kubadilisha.

Pa kwanza ni betri. Betri moja ya volti 9 ikigawanywa katikati inakupa volti 4.5 kila upande, na IC yenyewe inakula volti moja na nusu hadi mbili kabla haijafika ukingoni. Betri ikiwa mpya utapata kama volti 2. Ikishuka kufikia 7, utapata zaidi kidogo ya volti moja, yaani umerudi pale pale kompyuta ilipokuacha. Funga betri mbili mfululizo, volti 18, kisha ugawanye katikati kwa rezista mbili za kilo-omu 4.7. Usizifunge kwa mtindo ambao waya wa kati unatoka moja kwa moja kati ya betri na betri. Huo nao unafanya kazi, ila betri moja ikilegea au ikifa kabla ya mwenzake, IC inasukuma volti kadhaa za DC kwenye hedifoni. Kwa kugawanya kwa rezista, betri moja ikichoka, pande zote mbili zinashuka sawa na nukta ya kati inabaki katikati. Kwa aliyesema anaogopa kuunguza, hili ndilo badiliko lenye thamani kuliko yote.

Pa pili ni kapasita za hiyo nukta ya kati. Mchoro wa asili una mbili za maikrofaradi 220. Weka za 470, volti 25. Mkondo wote wa hedifoni unarudi kupitia hizo. Zikiwa ndogo, besi hupungua na sauti ya kushoto huvuja kulia. Kwa omu 250 hata 220 zingetosha, lakini siku utakapochomeka hedifoni za omu 32 utaona tofauti, na bei yake karibu ni ile ile.

Pa tatu ni ukuzaji. CMoy wa asili hukuza mara 11, kwa rezista ya kilo-omu 10 na ya 1. Kwa kompyuta ni kubwa mno: utakuwa unazungusha volumu milimita chache tu, na hapo mwanzoni ndipo volumu za bei nafuu hutofautiana kushoto na kulia. Badili ya kilo-omu 10 uweke 2.2, ubaki na 1. Sasa unakuza mara 3.2.

Pa nne ndipo watu wengi huumia bila kujua sababu. CMoy ulipangwa kwa IC kama OPA2134, ambayo miguu yake ya kuingilia hainywi mkondo wowote wa maana, ndiyo maana kuna rezista ya kilo-omu 100 kwenye njia ya kuingilia. Ukichomeka NE5532, IC nyingine ya sauti, hapo hapo, yenyewe hunywa takriban mikroampia 0.2. Kidogo hicho kikipita kwenye kilo-omu 100 kinazaa milivolti 20, na zikikuzwa mara 3.2 zinakuwa 64 za DC kwenye hedifoni. Mtu anasema IC ni mbovu, ananunua nyingine, inakuwa vile vile. Dawa ni kushusha rezista hiyo hadi kilo-omu 10 na kupandisha kapasita ya kuingilia kutoka maikrofaradi 0.1 hadi 2.2 ili besi isikatwe. DC inashuka hadi milivolti 6 au 7. Usipopata ya 2.2 ya plastiki, funga mbili za 1 sambamba.

Kwa nini nahangaika na NE5532 wakati umeshaagiza OPA2134? Kwa sababu OPA2134 halisi ni IC ya dola kadhaa kwa moja. Kumi kwa bei ya moja haziwezi kuwa halisi. Mara nyingi ni IC ya bei ndogo, 4558 au TL072, iliyofutwa jina na kuandikwa upya. Usizitupe bado, zipime. Anza na pamba yenye kiondoa rangi ya kucha: maandishi yakifutika, umepata jibu. Yasipofutika, ichomeke kwenye sakiti yenye rezista za kilo-omu 100 kwenye njia ya kuingilia, bila taa ya LED na bila hedifoni, upime mambo mawili. Mkondo kutoka kwenye betri, ukitoa miliampia 2 za rezista za kugawanya, unapaswa kuwa karibu na 8. TL072 na 4558 hunywa nusu ya hapo au chini. Kisha pima DC kwenye njia ya kutokea: OPA2134 halisi haifiki milivolti 7. Ikinywa miliampia 8 lakini ikaonyesha makumi ya milivolti, mkononi una 5532 iliyobandikwa jina kubwa, na kwa hedifoni zako hiyo bado ni IC nzuri, ukirudisha rezista za kilo-omu 10.

NE5532 ilitengenezwa ikiwa na uwezo wa kusukuma omu 600, hivyo 250 haziitishi. Na inapatikana hapa, kwa sababu mikisa za makanisani na za kumbi za harusi zimejaa IC hizo. Mafundi wanaotengeneza mikisa na amplifaya katikati ya mji huwa nazo mpya, au watakutolea kwenye bodi iliyokufa. Uliza yenye miguu mirefu ya kupita kwenye tundu, miguu 8, na uinunulie soketi yake ili uweze kuibadilisha bila kulehemu tena. Usipoipata Kampala, barabara ya Luthuli jijini Nairobi ina maduka mengi ya vifaa vya elektroniki, na mabasi ya Nairobi–Kampala hubeba vifurushi. Ukimpata mtu wa kukununulia, ni njia fupi kuliko kuagiza China.

Vilivyobaki ni vya mtaani kabisa. Rezista za robo wati: nunua kumi kumi za kila namba, uchague kwa multimita zinazokaribiana, kwa sababu kushoto na kulia zikitofautiana sauti inaegemea upande. Kapasita za elektroliti nunua mpya. Zilizotolewa kwenye redio ya zamani huwa zimekauka, hata kama kwa nje ni nzima. Za plastiki za kwenye bodi kuukuu hazina neno. Ukichokonoa pawasaplai ya kompyuta kutafuta vifaa, usiguse zile kapasita kubwa za volti 200 au 400: huhifadhi umeme hata baada ya kuchomolewa. Kasha la bati likatishe kwa mafundi wa Katwe, au tumia kopo lolote la chuma lenye kifuniko. Chuma kina kazi: simu ikiwa karibu, bila kasha utasikia "dit-dit-dit" kila inapotafuta mtandao. Betri za volti 9 za alkalini tafuta kwenye maduka ya vyombo vya muziki, kwa sababu maikrofoni zisizo na waya huzitumia. Sakiti nzima inakunywa kama miliampia 12, kwa hiyo jozi ya alkalini itakupa saa 30 na kitu. Zile za zinki za bei nafuu huisha mapema mno.

Kifaa kitakachokusumbua ni volumu. Unataka ya jozi, ya stereo, iliyoandikwa A10K. Herufi A maana yake inapanda taratibu jinsi sikio linavyosikia. B hupanda sawasawa, na sauti yote inajaa kwenye robo ya kwanza ya mzunguko. Madukani utapewa B50K nyingi. Ikikulazimu, chukua B10K, kisha kwa kila upande lehemu rezista ya kilo-omu 2.2 kati ya mguu wa kati na mguu wa nukta ya kati. Itapanda karibu sawa na A. Kabla hujalipa, weka multimita kati ya mguu wa kati na mguu wa pembeni, upande mmoja kisha mwingine, na uzungushe polepole: namba zikiruka au zikiachana sana, mrudishie mwenye duka.

Kufunga hakuchukui zaidi ya jioni mbili. Miguu ya IC ni hii: 1 ni kutokea kushoto, 2 na 3 ni kuingilia kushoto (2 ni ya negativu), 4 ni negativu ya betri, 5 na 6 ni kuingilia kulia (6 ni ya negativu), 7 ni kutokea kulia, 8 ni positivu. Kapasita ya seramiki ya nanofaradi 100 ikae kati ya mguu 4 na 8, karibu na IC kadiri iwezekanavyo. Ikikosekana, IC inaweza kuanza kutoa mawimbi yake yenyewe ambayo sikio halisikii: dalili zake ni IC kuwa ya moto, betri kuisha haraka na muziki kusikika umekwaruzika. Kwenye kila njia ya kutokea weka rezista ya omu 10, baada ya mahali rezista ya ukuzaji ya kilo-omu 2.2 inapochukulia sauti. Kwenye positivu ya betri weka diodi ya 1N4007. Kichwa cha betri ya volti 9 kikigusa kinyume hata nusu sekunde, bila diodi IC imekwenda. LED iwe na rezista ya kilo-omu 10.

Sasa vipimo vya kulinda hedifoni. Washa bila IC kwenye soketi: kati ya mguu 4 na 8 iwe volti 17 na kitu, na nukta ya kati iwe nusu yake. Zima, weka IC, washa tena. Pima DC kwenye jeki ya kutokea, kati ya ncha na shina la jeki, kisha kati ya pete na shina. Usiweke waya mweusi wa multimita kwenye negativu ya betri, utaona volti 8 au 9 na kushtuka bure. Chini ya milivolti 20 ni salama. Ikipita 50, kuna kosa: rezista ya 10 umeweka ya 100, au miguu 2 na 3 imebadilishana, au lehemu imedaraja miguu miwili. Ikiwa sawa, chomeka kwanza earphone za bei nafuu zaidi ulizonazo, sikiliza dakika kumi, pima tena IC ikiwa imepata joto, ndipo ulete za omu 250. Kila siku washa kwanza, kisha chomeka. Ule mshindo wa kuwasha usiupeleke kwenye koili.

Kuhusu sola, jibu ni hapana kwa mtindo huu. Shina la jeki kwenye sakiti hii limeungwa kwenye nukta ya kati, na si kwenye negativu. Kompyuta au simu ikichajiwa kwa sola ile ile, shina lake liko kwenye negativu ya betri ya sola. Ukiunganisha waya wa muziki, umeifunga nukta ya kati na negativu pamoja, na IC inabaki na upande mmoja. Hilo hilo litatokea ukitumia adapta ya USB kwenye kompyuta unayosikilizia. Kwa sababu hiyo kasha la chuma nalo liungwe kwenye nukta ya kati pekee, na negativu isiguse bati popote. Sola itumie kuchajia betri za volti 9 za NiMH ukiwa huzitumii. Hizo zitakupa kama saa 15 kwa chaji moja.

Kama baadaye utataka kuendesha kwa umeme wa ukutani kwa transfoma, upande wa volti 240 mpe fundi umeme mwenye uzoefu akufungie na fyuzi, ndani ya kasha lenye waya wa ethi. Kama DC haishuki chini ya 50 baada ya kubadilisha IC, au IC inachemka bila sababu, tafuta mtu mwenye osiloskopu. Anayesoma uhandisi wa umeme Makerere au Kyambogo anaweza kukuonyesha kwa dakika tano kama IC inatoa mawimbi yake. Na amplifaya hii inaweza kufika kiwango cha kuumiza masikio. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ukivua hedifoni ukasikia mlio masikioni unaoendelea mpaka kesho yake, amplifaya iweke kando umwone daktari wa masikio.

Jambo moja la haki kwako: kama lengo ni kupata sauti tu, kidude kidogo cha USB kinachotoa volti 2 kitakufikisha karibu desibeli 108 kwa hedifoni hizo, na kinaweza kukugharimu sawa na vifaa hivi pamoja na nauli. Ukikichagua, hakikisha karatasi yake imeandika volti 2, kwa sababu vingi vya bei nafuu hutoa moja. Ukiamua kujitengenezea, nenda mjini ukiwa na orodha hii: NE5532 mbili (moja ya akiba), soketi ya miguu 8, rezista za kilo-omu 4.7, 2.2, 1 na 10 (na mbili za 100 za kupimia zile OPA2134) na za omu 10, kapasita mbili za 470, mbili za 2.2 za plastiki, moja ya nanofaradi 100, volumu ya A10K, diodi, LED, swichi, jeki mbili za stereo, vichwa viwili vya betri na bodi yenye matundu. Beba multimita, na anza na volumu, kwa kuwa ndiyo itakayokuzungusha maduka mengi zaidi.